Ngurumo Ndani ya Tangi

Shule ya Msingi, Kyuso
9 Februari 1975

Kwa Mjomba Ndululu,

Nakusalimu wewe na Mama Muli, na pia yule mbuzi wako mwenye pembe moja, ambaye najua bado anatafuna nguo zikianikwa. Mimi ni mzima. Huku Kyuso jua limetuamulia. Pojo zilitoa maua zikakauka hivyo hivyo, na watoto wa darasa langu wanasinzia mapema kwa sababu wengine hutoka nyumbani bila hata uji. Mama alikuja kuniona kutoka Migwani; mguu wake umepoa na maneno yake hayajapungua.

Sasa nikupe habari. Unamkumbuka yule Mmarekani wa kuchimba visima niliyekueleza Krismasi? Amemaliza kazi akaenda kwao, na vitu vyake vyote vilinunuliwa na Aftin, yule Msomali mwenye duka na lori la ng'ombe. Viti vilichukuliwa siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni mashine ya santuri inayotumia betri ya gari, spika moja ya kimo cha mtoto, na sanduku la santuri ambazo hakuna anayezitaka. Nilipoingia kununua chumvi nilimkuta Timiro, mke wa Aftin, amefunika chungu cha maziwa kwa santuri. Nikamwambia hizo ni nyimbo, si kifuniko. Akanijibu, "Mwalimu, hii si nyimbo. Aftin aliweka hiyo kitu jana, ngamia mbili zikakata kamba."

Basi nikataka kusikia kilichokata kamba za ngamia.

Mjomba, sijui nianzie wapi. Lilikuwa gitaa, lakini mtu amelichokoza mpaka limekasirika. Nyuma yake kulikuwa na ngoma ambazo sikuzisikia kwa masikio peke yake, zilinipanda kutoka sakafuni. Nilisimama na chumvi yangu mkononi nikasahau kulipa. Nilihisi kama siku ile uliyonibeba mabegani kule Emali, nikiwa mdogo, mawingu yakafunguka nikaona Kilimanjaro. Wewe uliyepiga ngoma kubwa ya jeshi, na dansi baada ya jeshi, niambie: hawa ni watu gani?

Jambo lingine dogo. Mama anasema siku hizi ukiitwa hugeuki, na kwamba ngoma yako umeipeleka shule. Nilimwambia Mjomba anaringa tu. Nilimjibu vizuri?

Ni mimi mpwa wako,
Nthenya


Kathonzweni, Makueni
16 Machi 1975

Nthenya binti wa dada yangu,

Barua yako ilifika kona moja ikiwa imeraruka, nadhani kuna karani mwenye njaa huko njiani. Sisi tupo. Yule ng'ombe mwekundu alishindwa kusimama nikamchinja kabla hajajifia. Muli amepata kazi ya kulinda lango la tajiri Nairobi na ameandika kwamba huko watu wanaosha magari kwa maji safi. Mama Muli anakusalimu, na anauliza utaleta mchumba lini badala ya santuri.

Hao vijana wako nawajua bila kuwasikia. Mtu akikosa ufundi huongeza sauti. Tulikuwa nao hata jeshini, na sajini alikuwa akiwapeleka kumenya viazi. Mimi nimepiga ngoma iliyotembeza watu elfu kwa hatua moja, na sikuhitaji kukata kamba ya ngamia wa mtu.

Kuhusu mama yako, Ndila amenisema tangu tunyonye titi moja. Kilichoharibika ni vitu, si mimi. Redio imechoka, nimeibadilishia mawe ya betri na bado inanong'ona. Pasta mpya anamung'unya. Hata jogoo wa hapa siku hizi hawiki, ni mvivu tu. Ngoma niliipa shule kwa sababu watoto wanahitaji ngoma. Hayo tumeyamaliza.

Huyo mpigaji wao, ngoma kubwa anaipiga kwa mguu au kwa mkono? Nauliza tu.

Ndululu


Kyuso
20 Aprili 1975

Mjomba mpendwa,

Mvua ya Machi ilitupita kando, tukaona umeme wake ukicheza mbali huko Tana na hakuna tone. Mimi ni mzima isipokuwa mafua ya vumbi. Aftin na Timiro wanakusalimu ingawa hawakujui, kwa jinsi ninavyokutaja.

Anaipiga kwa mguu. Nimeangalia picha.

Aftin ameniachia mashine na sanduku lote nitoke nazo dukani mwake. Nimezipitia moja moja nikirudi kutoka shule. Wengine majina yao yameandikwa kwa herufi zinazoyeyuka kama mshumaa, hazisomeki, kwa hivyo nimewapa majina yangu. Kuna Watu wa Trekta, vijana wanne wenye nywele ndefu wamesimama mbele ya trekta bovu. Kuna Wenye Nyundo. Kuna watatu waliopigwa picha mlangoni pa ghala, na nyuma yule Mmarekani ameandika kwa kalamu kwamba aliwaona ghalani humo humo, wakapiga mpaka bati likang'oka misumari. Watu wa Trekta ni wa Ohio, wengine ni wa Texas na Michigan. Miaka ni sitini na tisa, sabini. Mwalimu mwenzangu ana kaka anayefanya kazi ya muziki Nairobi. Tulimwandikia majina tuliyoweza kusoma. Hakuna hata moja analolijua. Nafikiri hata kwao hawajulikani. Hilo ndilo linaloniacha mdomo wazi, Mjomba. Watu wa kijijini, kama sisi, hakuna aliyewaita, wakaingia ghalani wakatoa sauti kubwa hivi, kisha wakarudi shambani.

Na sasa nitasema, unisamehe. Jogoo hawaachi kuwika. Husikii, Mjomba. Niandikie kwamba husikii, ili mimi na wewe tusiendelee kupishana.

Nthenya


Kathonzweni
27 Julai 1975

Nthenya,

Hatujambo. Najua nimekaa kimya. Si posta, ni mimi.

Mwezi wa tano tulimzika Mzee Kiilu, fundi wa mizinga ya nyuki. Kaburini waliimba na mimi nikaimba, macho nimefumba. Nilipofumbua niliona watu wote wameziba midomo wananiangalia, na mjane amejifunika leso. Wimbo ulikuwa umekwisha kitambo. Pasta alikuwa katikati ya sala na mimi naendelea kuvuma juu yake.

Ndiyo, sisikii. Ilianza na miluzi masikioni baada ya vita vya Burma, sauti zikaenda zikirudi, na tangu mwaka jana hazirudi. Mama Muli namwelewa kwa mikono na kwa hasira. Ngoma niliitoa kwa sababu niliipiga nikaona ngozi inaruka na hakuna kitu. Hilo sikuweza kulivumilia kuwa nalo nyumba moja. Usimwambie mama yako kwamba nimekubali, nitamwambia mwenyewe.

Sasa nina ombi. Niandikie moja ya hizo santuri. Nataka uandike vile inavyokwenda tangu mwanzo, na sifa zake uziache kando. Nimeanza kusahau sauti zilivyo, na wewe ndiwe pekee unayenizungumzia habari zake kama vile bado ni zangu.

Mjomba wako


Kyuso
3 Agosti 1975

Mjomba wangu,

Leo salamu zangu ni fupi kwa kuwa nimeisoma barua yako nikaenda kukaa nyuma ya darasa peke yangu. Nimesikitika, na nimefurahi umeniambia. Mama sitamwambia.

Nimeketi mbele ya Watu wa Trekta na kalamu. Inaanza hivi.

Kwanza hakuna muziki. Kuna mngurumo tu, kama lori la Aftin likiwa limewashwa bila kwenda. Hapo gitaa halijapigwa, linapumua. Unangoja. Kisha linashuka ngazi nne, nzito, na kila ngazi inatikisa vumbi, kama mtu anayeteremsha gunia la mahindi kutoka ghalani akilitua kila kipago cha ngazi. Linarudia. Ngazi nne. Ndipo anaingia mpigaji ngoma, Mjomba, na haingii pamoja nao. Anawaacha washuke, kisha anapiga wakiwa wameshafika chini. Kwa mguu. Du. Halafu mikono inakimbia juu ya ngoma ndogo, na mguu haukimbii kamwe.

Mwimbaji hana sauti nzuri. Anaimba kama mtu anayeita ng'ambo ya mto uliofurika, na maneno siyajui ila nasikia anataka kujibiwa. Katikati wote wananyamaza isipokuwa besi, lile gitaa la nyuzi nene. Hiyo haina sauti hasa, ni kama tumbo lako linapokuonya. Inatembea peke yake. Nikadhani wimbo umekwisha, nikainua mkono kuondoa sindano. Wakarudi wote kwa pigo moja, nikapiga kelele peke yangu chumbani na mwenye nyumba akaja kugonga.

Ndiyo hiyo. Nimejaribu. Lakini kuandika hakutoshi, kwa hivyo shule ikifungwa nakuja. Lori la Aftin linapeleka ng'ombe Emali na ameniambia nipakie kila kitu, hata betri. Mama Muli asihangaike na chakula, nitabeba.

Nthenya


Kathonzweni
14 Septemba 1975

Nthenya mwanangu,

Natumaini ulifika salama na vumbi halikukumaliza. Unga ulioleta bado tunao. Mama yako alipita hapa, nikamwambia ule ukweli, akanipiga kofi la mgongo halafu akalia. Sasa ananiandikia mchangani kwa kijiti na anaandika vibaya.

Ulipoondoka hapa ulilia ndani ya lori ukidhani sikuoni. Masikio ndiyo yamekufa, macho yapo. Najua ulivyotarajia. Niliweka viganja kwenye spika yako mbele ya watu wote na nilichopata ni mtetemo kama wa nyuki ndani ya kiberiti. Nilitabasamu kwa ajili yako. Nikaona umejua.

Sasa soma pole pole. Tangi langu la mabati halina maji tangu mwezi wa sita, na kivuli chake ndicho pekee kilichobaki uwanjani, kwa hivyo huko ndiko tulikoweka mashine uliyotuachia isipigwe na jua. Mama Muli amezipenda santuri zako, hasemi, lakini akichambua mboga huziweka. Alhamisi mchana nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye tangi, spika nayo imeegemea bati upande wa pili. Nikahisi mtu ananigonga mgongoni. Niligeuka, hakuna mtu. Nikaegemea tena. Ngazi nne, Nthenya. Zilishuka kwenye uti wangu wa mgongo moja baada ya moja, kama ulivyoandika.

Nilisimama nikapanda juu, nikateremsha spika ndani ya tangi kwa kamba, nikafunika. Nikamwonyesha Mama Muli kwa mkono: tena. Nikaegemea mgongo mzima, na kisogo, na viganja. Sijui watu huita nini hali hiyo. Nilikuwa ndani ya ngoma. Kifua kilipigwa, meno yalipigwa. Na nilisikia, siyo kuhisi tu, nilisikia kwa mifupa; ule mguu wa yule kijana ulikuja mbali na ukafika. Anachelewa makusudi. Anakufanya umngojee, na wakati unafikiri ameshindwa ndipo anafika. Nilisema mtu akikosa ufundi huongeza sauti. Niandikie huko Ohio, ukijua anuani, kwamba mzee mmoja wa Kathonzweni amefuta maneno yake.

Nililia kama mtoto. Mama Muli alidhani nimevunjika kitu. Tangu hapo kila siku baada ya kazi naenda tangini, na nimeshawajua wote, hata Wenye Nyundo, ambao wana haraka bure.

Mjomba wako, mwenye masikio ya bati,
Ndululu


Kyuso
5 Oktoba 1975

Mjomba,

Wote huku wazima, ingawa neno hilo sasa nalisema kwa aibu. Timiro amepoteza ngamia jike. Barua yako niliisomea darasa la saba lote na hawakusinzia. Halafu nikamsomea Aftin, akasema, "Kumbe ile kelele ilikuwa inatafuta mtu wake."

Lakini sasa Mama ameniletea habari ya watu na ndoo, akakataa kumaliza. Kumetokea nini hapo kwenu? Mbona wewe hujaniandikia habari hiyo?

Nthenya


Kathonzweni
19 Oktoba 1975

Nthenya,

Sisi tunapumua. Mbuzi wa pembe moja amekufa.

Habari ya ndoo ni kweli. Tangi lile likinguruma, kwenye kilima cha pili husikika kama ngurumo ya mawingu yanayotoka milima ya Kilungu. Mimi ningejuaje? Nilikuwa nimeegemea macho nimefumba. Nilipofumbua, uwanja ulikuwa umejaa wanawake na ndoo, sufuria, mitungi, na Mutiso, mwanamume pekee kati yao, amebeba hata karai la kuogeshea mtoto. Wamekimbia mpaka jasho linawatoka. Wote wanaangalia juu, na juu kuna jua tupu. Kisha wakaangalia tangi. Kisha mimi. Hakuna aliyecheka. Mutindi, jirani yetu mwenye mapacha, aligeuza ndoo yake, akaikalia, akafunika uso.

Mzee wa kanisa, Mwangangi, alikuja kesho yake. Hakunitukana. Alisema, na Mama Muli akaniandikia mchangani maneno yake: "Ndululu, hiyo kitu isipigwe tena mpaka mvua inyeshe. Watu watachoka kutoka nje, na siku ya mvua ya kweli watabaki ndani." Nilikubali. Ungekataaje?

Lakini fikiria. Mvua ikinyesha tangi litajaa. Nimejaribu kwa pipa: pipa tupu linasema, pipa lenye maji linanyamaza. Kwa hivyo nimeruhusiwa kusikia siku ile ambayo sitaweza kusikia.

Nitakuambia jambo ambalo Mama Muli hajui. Kila Jumapili kanisa zima linapiga magoti kuomba mvua. Mimi napiga magoti pia, naangalia mikono yangu, na siombi. Wiki iliyopita nilijikuta naomba isinyeshe. Kidogo tu, mpaka mwisho wa mwezi. Nilimwona Mutindi mstari wa mbele na wale mapacha mgongoni na kifuani, na bado niliomba hivyo.

Ndululu


Kyuso
31 Oktoba 1975

Mjomba wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Barua hii nimeiandika mara nyingi nikachana.

Jumatatu Kisilu wa darasa la pili alianguka kwenye mstari wa asubuhi. Nilimbeba mwenyewe. Alikuwa mwepesi mno, Mjomba, nilidhani nimebeba sweta. Ameamka na amekunywa maziwa kwa Timiro, lakini shule imefungwa mpaka chakula cha serikali kifike.

Mimi ndiye niliyekuletea mashine ile. Nilikuona moyoni umeegemea tangi, na hakuna kitu kimenifurahisha maishani kuliko hicho. Omba mvua, Mjomba. Nimeandika hivyo huku naichukia kalamu yangu.

Mpwa wako akupendaye,
Nthenya


Kathonzweni
16 Novemba 1975

Nthenya mwanangu,

Leo salamu zitangoja.

Barua yako niliipata Ijumaa. Jumapili watu walipopiga magoti mimi nilisimama. Mtu asiyesikia hajui kipimo cha sauti yake. Naona nilipaaza sana, maana hata watoto waligeuka. Nilisema, "Mungu, leta mvua. Anza na tangi yangu, ndiyo nisipate nafasi ya kugeuza maneno." Mama Muli alinivuta koti nikae. Mwangangi alikuwa amefungua macho, ananiangalia.

Ilikuja Jumatano mchana. Niliona kuku wakikimbilia jikoni, nikanusa udongo. Mama Muli alitoka na mikono yake yote miwili juu. Nilitoa spika tangini, nikaiingiza nyumbani, nikarudi nikaegemea mgongo pale pangu. Sikuwa na nia yoyote. Nilitaka tu kukaa nalo.

Tone la kwanza lilipiga kifuniko nikalisikia. Nakuapia. Tone moja, kisha kimya, kisha jingine karibu na bega la kushoto. Kisha yakaja mengi. Kisha mfereji wa bati ukafunguka na maji yote ya paa yakaanguka ndani ya tangi tupu, mpaka chini, na mimi nimeegemea. Nthenya, sijui wale wa ghalani waliona nini bati lilipong'oka misumari, lakini nadhani nimekuwa huko. Ilinipiga kutoka kila upande. Nilikuwa nimesahau kwamba mvua ina sauti. Nilikuwa nimeiomba kama maji tu.

Ndipo maji yakaanza kupanda. Kiuno kikanyamaza kwanza. Kisha katikati ya mgongo. Kila yalipopanda, pale chini palikuwa baridi na kimya, na mimi nikainuka taratibu nikifuata sehemu iliyobaki. Mwangangi akatokea akikimbia ndani ya mvua, koti la kanisa limeloa, anacheka, anapiga ngoma hewani kwa mikono, na mdomo wake niliusoma vizuri: "Piga sasa! Ndululu, piga!" Nikachukua kiganja chake nikakiweka kwenye bati, chini, palipojaa. Kisha juu, palipobaki. Kicheko kikamtoka usoni. Hakuondoka. Aliegemea mgongo wake kando ya wangu, tukanyoosha shingo kama majogoo, visogo kwenye lile pindo la juu, mpaka nalo likanyamaza.

Maji yakafurika yakatushukia mabegani. Nikamwambia Mama Muli awaite Mutindi na wenzake waje na ndoo.

Na sasa salamu. Huku sote ni wazima.

Mjomba wako,
Ndululu